Ruhusa ya Baba

Kila Jumapili, ambayo nchini kwao ni siku ya shule, kabla ya kuvaa sare yake, Bipana aliiegemeza simu kwenye dirisha la jikoni, kando ya chupa ya mafuta ya haradali. Hapo tu ndipo mtandao ulipokamata vizuri katika nyumba yao kijijini Kafaldanda, juu mlimani. Ukisogea kidogo kuelekea mlangoni, sauti inakatika. Ukisogea kuelekea mekoni, picha inaganda. Basi aliketi kwenye kigoda hapo hapo, akasuka nywele zake mikia miwili, huku akiisubiri simu ya baba.

Baba yake, Jit Bahadur, alifanya kazi Malesia katika kiwanda cha kutengeneza meza na makabati. Jumapili ndiyo siku aliyopumzika, na asubuhi ndiyo saa ambayo bweni lilikuwa na utulivu, kabla wenzake hawajaamka na kuanza kugombania mtandao. Tatizo ni kwamba saa hiyo hiyo mama alikuwa njiani. Alikuwa akiteremka mlima na dumu la maziwa ya nyati mgongoni, kuyawahisha kwenye kituo cha maziwa kule barabarani. Akichelewa, gari linaondoka na maziwa yanaharibika. Kwa hiyo wiki baada ya wiki mama alisikia tu kutoka kwa bintiye kwamba baba hajambo na anawasalimu.

Rafiki yake Kopila ndiye aliyemwonyesha njia. Walikuwa wameketi kwenye ngazi za shule, vichwa vimegusana juu ya simu moja.

"Vuta hili pazia la juu, hivi," Kopila alisema. "Unakiona hiki kialama cha duara? Kibonyeze. Sasa kila kinachopita kwenye kioo cha simu yako kinarekodiwa. Picha na sauti, vyote vinabaki."

"Hata baba akiongea?"

"Hata akipiga chafya!"

Tangu siku hiyo, kila baba alipopiga, Bipana alirekodi. Jioni mama alitazama huku akimenya vitunguu saumu, na alimjibu mumewe kana kwamba anasikika huko ng'ambo.

"Mmekula?" baba aliuliza ndani ya simu.

"Tumekula. Wewe je, umekula?" mama akamjibu.

"Mama, hakusikii huyo!" Bipana alicheka.

"Najua hanisikii. Wewe niache nizungumze na mume wangu."

Jambo moja tu Bipana hakulifanya. Hakumwambia baba kwamba anamrekodi. Hakukusudia kumficha. Ni vile hakuwahi kufikiri kwamba kuna haja ya kumwambia.

Jumapili moja baba alikuwa na furaha kuliko kawaida. Alijitanda taulo kichwani kama mtandio, akainamisha uso kwa haya, akacheza kama bi harusi anayeingizwa kwa wakwe. Alizunguka kati ya vitanda vya bweni huku akikonyeza. Bipana alicheka hadi kitana kikamponyoka. Kesho yake alimsimulia Kopila.

"Nitumie na mimi nicheke," Kopila aliomba.

"Lakini usimtumie mtu."

"Nimtumie nani? Kwani mimi mropokaji?"

Kopila alimtumia kaka yake tu. Kaka yake aliituma kwenye kundi la vijana wa kijiji. Kabla ya wiki kwisha, mama alipopita mbele ya duka la chai na dumu lake, wanaume waliokuwa kwenye benchi walijitanda mitandio ya shingoni vichwani, wakamwuliza kwa sauti nyembamba, "Shemeji, bi harusi wa Malesia hajambo?"

Mama aliongeza mwendo. Alifika nyumbani, akalibwaga dumu uani, akaingia kulisha nyati. Bipana alijua ni kwa sababu ya rekodi ile, na jioni alikula akiwa ameinamisha uso.

Jumapili iliyofuata simu ililia kama kawaida, lakini kioo kilikuwa cheusi.

"Baba, sikuoni."

"Najua," sauti ya baba ilisema. "Bipana, Purna wa kijiji cha ng'ambo ya mto nafanya naye kazi hapa. Jana amenionyesha mimi mwenyewe nikicheza. Ameipata kwa binamu yake. Bweni zima linaniita bi harusi."

Bipana alishika ncha ya msuko wake, akaivuta.

"Ni wewe uliyenirekodi?"

"Ndiyo, baba."

Baba alisema taratibu, bila ukali, na hilo ndilo lililomuumiza Bipana zaidi. "Mimi nilicheza kwa ajili yako, mwanangu. Sikucheza kwa ajili ya duka la chai."

"Nisamehe, baba. Sitakurekodi tena bila kukuuliza. Naapa."

"Haya. Nenda shule, usichelewe."

Lakini picha haikurudi. Jumapili baada ya Jumapili, baba alipiga simu akiwa sauti tupu. Mara alisema mtandao ni dhaifu, mara alisema simu yake ina hitilafu. Mama alipouliza jioni kama kuna cha kutazama, Bipana alitikisa kichwa. Mama alirudia kutazama zile za zamani, na sasa hakuzijibu tena.

Kisha sauti yenyewe ilianza kubadilika. Ilikuwa nzito, yenye kuburuta, kama ya mtu aliyeamshwa usingizini. Baba alisema ni mafua. Wiki iliyofuata akasema ni uchovu tu, kazi zimezidi. Aliyekuwa akiwauliza wamekula nini sasa alisema kwamba hata harufu ya chakula haitaki.

Bipana alibeba mzigo huo peke yake. Aliamini kwamba baba bado amemkasirikia, ndiyo maana anauficha uso wake.

"Mwombe tena," Kopila alimshauri. Tangu yale yaliyotokea, naye alikuwa mnyonge. "Mwambie hata mimi namwomba radhi. Mdomo wangu huu!"

Jumapili ilipofika, Bipana alikohoa kidogo kabla ya kusema. "Baba, nilikosa. Nilikuchukua bila kukuuliza, na nikakutoa nje kwa watu. Kopila pia anaomba radhi. Kama umekasirika, kasirika, lakini nionyeshe uso wako kidogo tu. Sirekodi."

Upande wa pili ulisikika mguno, kisha kicheko chepesi. "Wewe mtoto, ulidhani nimekasirika mpaka leo?"

Kioo kikawaka. Baba alikuwa ameegemea ukuta wa ukumbi wa bweni, blanketi mabegani ingawa Malesia ni nchi ya joto. Mashavu yalikuwa yameingia ndani. Alitabasamu, na alipogeuka kuelekea dirishani mwanga ukampiga usoni. Bipana aliona sehemu nyeupe ya macho yake. Haikuwa nyeupe. Ilikuwa na rangi ya manjano, kama maji ya bizari.

Kidole chake kilikwenda chenyewe juu ya kioo, mahali pa kuvuta pazia. Kubonyeza duara ni jambo la kufumba na kufumbua, na baba asingejua. Mama angeona. Mama angejua la kufanya. Lakini alikuwa ameapa, na dakika hiyo hiyo alikuwa amesema kwamba harekodi.

Akaurudisha mkono wake pajani.

"Baba, naomba nikurekodi," alisema. "Ili mama akuone. Hajakuona siku nyingi. Sitamtumia mtu mwingine yeyote. Ukikataa, basi."

Baba alitazama pembeni. Alionekana kama mtu anayetafuta kisingizio na hakipati.

"Mama yako ataanza maneno," alisema.

"Ndiyo, ataanza."

Baba akacheka, akakohoa, akafuta midomo. "Haya, rekodi. Lakini ni ya mama yako tu."

Jioni ile mama aliacha vitunguu vyake. Alitazama mara moja bila kupumua, akasimamisha picha pale mwanga ulipompiga baba usoni. Akafungua rekodi ya zamani, akasimamisha hiyo pia. Alikuwa akiangalia huku na huku, uso wa mwanzo na uso wa sasa.

"Ana nini huyu?" alisema kwa sauti ndogo. "Bipana, baba yako ana nini?"

"Macho yake, mama."

"Kesho asubuhi tunakwenda zahanati kwa Nesi Urmila. Atatuambia."

Bipana alisita. "Baba alisema ni yako tu. Nilimwahidi."

Mama alimtazama binti yake kwa muda. Angeweza kumkemea, kwa kuwa hofu ilishamshika. Badala yake alikaa chini, akaishika simu, akamtumia mumewe ujumbe wa sauti. "Baba Bipana, nimekuona. Nataka nesi naye akuone. Mtoto anasema hajaruhusiwa kumwonyesha mtu. Kwa hiyo ruhusa naiomba mimi. Nijibu."

Jibu halikuja usiku ule. Asubuhi mama alimwomba jirani ampelekee maziwa, wakashuka zahanati pamoja, na simu ndani ya shali yake. Walikuwa wamekaa kwenye benchi la wagonjwa ilipolia. Baba alikuwa kwenye mapumziko ya kazi, na sauti za mashine zilisikika nyuma yake.

"Mnataka nini nyie?" alifoka. "Mnataka nirudishwe nyumbani? Hapa mtu akisema anaumwa, jina lake linapelekwa ofisini. Ni uchovu tu, utapita!"

"Umechoka mpaka macho yakawa ya manjano?" mama alimuuliza. "Jit, sikiliza. Wapo waliorudi hapa kijijini wakiwa ndani ya sanduku. Unawajua, na mimi nimewalilia. Wakikurudisha ukiwa unatembea kwa miguu yako, nitakuja kukupokea barabarani nikicheza ngoma. Mpe nesi dakika moja."

Hatimaye baba akasema, "Mwonyesheni."

Nesi Urmila, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alitazama rekodi ile mara mbili. Kisha aliisogeza simu mdomoni, kwa kuwa baba alikuwa bado hewani. "Kaka, mkojo wako una rangi gani?"

Baba alibabaika. "Kama chai ya rangi, dada."

"Tumbo je, upande wa kulia chini ya mbavu?"

"Linauma."

"Maji ya kunywa mnayatoa wapi?"

"Kwenye pipa la uani. Ya kuchemsha hayatutoshi wote."

"Basi nisikilize. Mimi siwezi kukupima nikiwa huku, lakini dalili hizi ni za ini, na hazisubiri Jumapili. Leo hii uende hospitali. Usimeze dawa yoyote ya maumivu kutoka kwa rafiki. Na mwenzako mmoja akusindikize, usiende peke yako."

Alikwenda. Purna ndiye aliyemsindikiza, na ndiye aliyepiga simu jioni kusema kwamba Jit amelazwa. Ilikuwa homa ya ini, iliyotokana na maji machafu, na madaktari walisema kama angeendelea kufanya kazi katika hali ile, angefika hospitali akiwa hajitambui. Vijana wengine wawili wa bweni lile walipimwa, nao wakakutwa nayo. Jina la Jit lilifika ofisini kama alivyoogopa. Msimamizi alinung'unika, lakini alimpa likizo ya ugonjwa, na pipa la uani likaondolewa.

Wiki hizo zilikuwa ndefu Kafaldanda. Bipana alikwenda shule na kurudi, alikata majani ya nyati, alifanya hesabu zake, na kila simu ilipolia alikimbilia dirishani. Kopila alikuja kumsaidia kuchota maji bila kuombwa, na hakuuliza habari ya simu hata mara moja.

Siku baba alipotoka hospitali ilikuwa Jumapili. Mama hakuteremka na maziwa. Jirani aliyachukua tena, na mama akaketi mwenyewe kwenye kigoda mbele ya dirisha la jikoni, amevaa blauzi yake nyekundu ya sikukuu, na Bipana amesimama nyuma yake. Baba alipotokea kwenye kioo alikuwa amekonda kama fimbo, lakini macho yalikuwa meupe. Mume na mke walitazamana.

"Umekula?" baba aliuliza.

"Sijala. Nilikuwa nakusubiri," mama alisema, akafuta macho kwa ncha ya shali.

Baba aliinua kichwa. "Bipana yuko wapi? Sogea nikuone, mwanangu."

Bipana alisogea, shavu lake likagusa shavu la mama.

"Nilitaka kukuambia jambo nikiwa na nguvu," baba alisema. "Sisi wawili tulifanya kosa moja. Wewe ulichukua kilichokuwa changu, ukakitoa nje kwa watu ambao sikuwachagua. Mimi nami nilichukua jambo lililowahusu nyinyi, nikalificha nisiwaambie. Ugonjwa wa baba si siri ya baba peke yake. Lakini wewe uliacha kosa lako mapema kuliko mimi. Uliniomba ruhusa wakati ambapo ungeweza kuiba. Ungeiba siku ile, nisingekuamini tena, na ningezima picha mpaka mwisho. Nilikubali kwa sababu uliniuliza. Sasa kumbuka hivi: sura ya mtu na sauti yake ni mali yake, hata akiwa baba yako. Muulize kwanza. Na ukiumwa, hata kama unaogopa, sema. Hilo la pili nalisema kwako, lakini najiambia mimi."

"Nimesikia, baba."

"Vizuri. Haya, nenda kavae sare, shule haikusubiri. Leo nataka kuzungumza na mama yako."

Bipana alivaa sare, akachukua mkoba wake, akatoka, akawavutia mlango nyuma yake.