Mahameli ya Kijani

Alasiri ile ya Alhamisi ukumbi wa maonyesho ulijaa hadi milangoni. Mabinti wa Riyadh walikuja na abaya za rangi ya mchanga na raba nyeupe, wakipigana picha mbele ya picha. Wanaume walipita na vikombe vya kahawa, wakinong'ona kama watu walioingia nyumba ya ibada. Katikati ya msongamano huo Selipher alisukuma kigari cha mapacha wa madam Ibtisam, akitafuta pa kugeuzia magurudumu.

Maonyesho yalikuwa ya wachoraji wa Uingereza wa zama za Malkia Viktoria. Kuta nzima zilikuwa za wanawake weupe wenye nywele nyekundu zilizomwagika mabegani, magauni mazito, macho ya kusinzia, huyu ameshika ua, yule amekaa kando ya maji. Selipher hakuja kuangalia picha. Alikuja kwa sababu mapacha hawakuwa na mtu mwingine wa kuwasukuma. Lakini baba yake, kule Kondele mjini Kisumu, alikuwa akiishi kwa kuchora mabango ya maduka, naye Selipher alikua akimjazia rangi ndani ya herufi. Jicho lake halikuweza kupita rangi bila kuuliza imepakwaje.

Mwisho wa ukuta akasimama. Pale palikuwa na picha ndogo, haizidi sinia la chai. Kichwa cha mwanamke Mweusi, nywele kama zake mwenyewe zimefungwa nyuma, uso umegeukia pembeni kama mtu anayesikia akiitwa.

"Na wewe dada," Selipher alimwambia kwa sauti ya chini, "ulifikaje huku?"

"Kama ulivyofika weye," sauti ikajibu juu ya kichwa chake. "Kwa kazi."

Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, amesimama juu ya ngazi akinyoosha fremu, glavu nyeupe mikononi na pima maji mfukoni. Aliteremka akajitambulisha. Jina lake Badawi. Babu na bibi yake waliondoka Unguja mwaka sitini na nne, yeye kazaliwa Jeddah, ana duka la fremu mtaa wa Al-Baghdadiyah, na wenye maonyesho walimleta Riyadh kutundika. Kiswahili chake kilikuwa kile cha nyumbani kwao, laini, kimehifadhiwa kama nguo ya Idi.

Alimweleza kuwa mwanamke yule aliitwa Fanny, alizaliwa Jamaika, akakulia London. Alikuwa akisafisha nyumba za watu, na akipata nafasi alikaa mbele ya wachoraji wakamchora.

"Alikuwa housegirl," Selipher alisema.

"Ndiyo. Na leo watu wanasimama foleni kumtazama."

Madam Ibtisam akaita kutoka upande wa mkahawa. Selipher alipogeuza kigari, Badawi alikuwa ameshamwandikia namba yake nyuma ya kijitabu cha maonyesho.

Wiki tatu hakuipiga. Ya nne aliipiga, akiwa chumba cha kufulia katika jumba la madam Ibtisam, mtaa wa Al-Malqa, pasi mkononi na simu imebanwa begani. Tangu siku hiyo walizungumza karibu kila jioni, yeye akinyoosha mashati, Badawi akisugua mbao kwa msasa. Badawi alipenda kumsimulia habari za wachoraji vijana wa London waliogombana na walimu wao. Walichoka na picha za kahawia kama mchuzi uliokaa, wakaanza kupaka rangi nyembamba juu ya weupe ambao haujakauka ili iwake, na kila jani walilichora kama lilivyo. Alimsimulia pia binti mmoja aliyelazwa ndani ya bafu la maji ili achorwe. Taa zilizopasha maji zikazimika, mchoraji asitambue, binti akanyamaza mpaka akaugua.

"Aki, mimi ningesema," Selipher alimwambia.

"Weye ungemrushia bafu zima."

"Na brashi zake."

Alicheka peke yake katikati ya mvuke. Alikuwa binti asiyetulia. Mkataba wake wa miaka miwili ulibakiza miezi mitatu, na kila siku aliamka na jibu tofauti: leo ataongeza, kesho atarudi kwao, keshokutwa hajui. Badawi alikuwa kitu pekee alichokingoja bila kubadili mawazo, na hilo nalo lilimtia wasiwasi. Siku moja Selipher alimkumbusha kwamba yeye ni mtu wa kanisa na mama yake ni mtu wa kanisa zaidi. Badawi alisema dini yake haimkatazi kuoa mtu wa kanisa, ila mama yake Selipher atahitaji kubembelezwa, na yeye ana muda. Mara akamwomba picha. Selipher alijipiga pale pale, kichwa wazi, jasho puani, pasi mkononi, akaituma kabla hajajizuia.

Shule zilipofungwa, familia ilihamia Jeddah kwa wiki mbili, kwenye nyumba ya kupanga karibu na Corniche, barabara ya ufukweni. Ijumaa ya kwanza madam alimpa alasiri yake. Selipher alivaa gauni la maua chini ya abaya, akapaka mafuta ya nazi nyweleni, akaenda kwa miguu hadi Al-Baghdadiyah. Hewa ya bahari ilimganda shingoni. Alipofika dukani alikuta pembe za fremu zimening'inia ukutani kama samaki waliokaushwa, na Bi Saleha, shangazi yake Badawi, amekaa mlangoni na birika la chai. Bi Saleha ndiye aliyemlea Badawi. Alimshika Selipher mikono yote miwili, akamtazama usoni, asiseme neno ila karibu mwanangu.

Badawi alimpeleka nyuma, akavuta shuka.

Ilikuwa picha kubwa ya mafuta. Mwanamke ameegemea mto, amevaa gauni la mahameli ya kijani, nywele zimefumuliwa zikajaa turubai lote, macho nusu yamefumba, ua jeupe kwenye vidole virefu. Rangi ziliwaka kweli. Uso ulikuwa wake, bila jasho.

Selipher alitazama mpaka Badawi akaanza kuvutavuta kola yake.

"Huyu ni nani?" akauliza.

"Ni weye."

"Mikono hii si yangu. Mimi nina alama ya moto hapa." Alimwonyesha kifundo cha mkono. "Ulikuwa na picha yangu, si uliiona? Pasi umeipeleka wapi?"

Badawi alijitetea kwamba alitaka kumpumzisha. Kabla hajamaliza, mteja akaingia, mzee mwenye kanzu iliyopigwa pasi vizuri, akaiona picha akavutiwa. Walizungumza Kiarabu. Selipher alielewa vya kutosha: mzee anaitaka kwa sebule yake, na Badawi, badala ya kusema hapana, akaweka mkono kifuani akasema inshallah, bukra, yaani kesho.

Hakungoja chai. Alimpita Bi Saleha mlangoni bila kuaga, jambo ambalo halijawahi kumtokea tangu azaliwe, na kabla hajafika Corniche alikuwa ameifungia namba ya Badawi isimpigie tena.

Riyadh ilimwonekea ndogo waliporudi. Alifua mapazia yaliyofuliwa wiki iliyopita. Alianza kuchana nywele akaachia njiani. Alilala akajiona yumo sebuleni kwa mzee, amening'inizwa juu ya makochi, wageni wanakunywa kahawa chini yake. Madam Ibtisam alimwomba aongeze mkataba mara ya kwanza kwa upole, mara ya pili kwa zawadi, mara ya tatu kwa machozi, maana mapacha walimzoea. Kila mara Selipher alikuwa na jibu lilelile. Halas, imetosha, madam. Anarudi kwao.

Siku nne kabla ya safari, namba asiyoijua ilipiga. Alikuwa Bi Saleha.

Bibi hakupoteza muda. Alisema Badawi hali chakula vizuri, duka anafungua saa anazotaka, na yule mzee amerudi mara tatu, kila mara anaambiwa bukra. "Mwanangu, mfanyabiashara wa hapa akikwambia inshallah bukra, ujue amekwisha kukunyima," alisema. "Ndiyo adabu yetu ya kukataa. Ile picha haijauzwa, wala haitauzwa."

Selipher alikaa juu ya kikapu cha nguo. Aibu ilimpanda, na chini ya aibu hasira bado ilikuwepo. Alimwomba radhi bibi kwa kutoka bila kuaga. Kisha akasema hata kama haijauzwa, mwanamke yule bado si yeye. Bi Saleha akasema hilo si lake la kujibu. Mwisho, kama mtu anayetaja hali ya hewa, Selipher alimwambia kuwa Alhamisi ndege yake inapitia Jeddah, na atakaa uwanjani kwa muda wa saa nne.

Aliwakuta wamekaa benchi moja, kabla ya madawati ya pasipoti, katikati ya mahujaji wa umra na mizigo ya wafanyakazi wanaorudi makwao. Bi Saleha alikuwa na kikapu cha mkate wa kumimina. Badawi alivaa shati la bluu lisilopigwa pasi, karatasi nyeupe na penseli magotini. Alikuwa amekonda.

Alisimama. Alisema picha ameigeuza uso ukutani. Alisema kwa miezi mingi alitazama wanawake waliochorwa na watu wengine mpaka akasahau kumtazama yeye, na kwamba amekuja kumchora upya, kama alivyo, akimruhusu.

"Simruhusu mtu," Selipher alisema. "Leo kaa wewe."

Alimnyang'anya penseli. Badawi akakaa, na mara ikadhihirika hajui kukaa: alikuna goti, aligeuka kila tangazo la ndege likitoka, aliuliza kama kidevu chake kiko sawa. Selipher alichora kama alivyofundishwa kuchora herufi, mstari mmoja usiorudiwa. Aliona mvi mbili ndevuni, kovu la kioo kwenye kidole gumba, macho yaliyokosa usingizi. Kumtazama mtu kwa muda mrefu namna ile kulikuwa kazi nzito, akatambua kuwa Badawi alikuwa ameifanya kazi hiyo kwa picha moja ya simu, peke yake, kwa wiki nyingi. Hasira ikaanza kumtoka kidogo kidogo.

"Nioe," Badawi alisema ghafla. "Yaani, olewa na miye."

"Nikakae wapi?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Hapa Jeddah. Juu ya duka. Shangazi yupo."

"Na karatasi zangu atashika nani? Kafili wangu, mdhamini, atakuwa nani?"

Badawi alikuna goti tena. "Miye."

Penseli ikasimama. "Miaka miwili nimeomba ruhusa kutoka geti. Sitoki kwa kafili mmoja niolewe na mwingine, hata kama huyo wa pili nampenda."

Bi Saleha aligeukia upande wa pili, akajitia kusoma ubao wa ndege.

"Umesema unanipenda," Badawi alisema.

"Nimesema mengi. Wewe umesikia hilo tu."

"Basi n'takuja miye. Kisumu watu hutundika picha?"

"Za marehemu na za harusi."

"Basi kazi ya fremu ipo. Na ikama yangu, kibali cha kukaa, n'taipata kwa nani?"

"Kisumu hakuna mambo ya ikama. Kuna baba yangu."

"Basi baba yako ndo kafili wangu."

Selipher alicheka, kicheko cha kwanza tangu siku ile ya Al-Baghdadiyah, na mkono ukateleza, mstari ukapita katikati ya shingo ya Badawi. "Atakusumbua," alisema.

"Anisumbue."

Ndege ya Nairobi ikatangazwa. Selipher alikunja karatasi akaitia mkobani, picha ikiwa imekamilika isipokuwa sikio la kushoto. Alimkumbatia Bi Saleha, akapokea mkate. Kwa Badawi alisimama hatua moja mbali, kwa sababu ya watu, akamwambia aje Agosti, na asije peke yake, maana baba hazungumzi posa na kijana asiye na mzee. Bi Saleha akasema baridi ya ndege haipendi, lakini ana shali.

Afisa alipiga muhuri wa kutoka kwa mara ya mwisho, akamrudishia pasipoti yake mkononi. Selipher aliishika kwa vidole vyote vitano. Alipofika kwenye kona alitazama nyuma. Watu walikuwa wakipita huku na huku na mizigo yao, na Badawi bado amekaa pale benchini, mgongo wima, kidevu juu kidogo, hatikisiki.