Hapa Wazi?

Fundi alikuwa akichomelea bawaba za lango la mteja. Karakana yake ilikuwa nyuma ya nyumba, chini ya paa la mabati. Mkewe alipaka milango rangi ya kuzuia kutu. Kazi hiyo ndiyo iliyowalisha na kuwasomeshea watoto.

Kinyozi wa jirani aliingia akihema, kitana bado mkononi.

"Fundi! Umeona ramani iliyobandikwa ukumbi wa baraza? Kiwanja chako cha karakana kimepakwa njano."

"Njano ni nini?"

"Kiwanja kitupu."

Fundi alivua miwani. "Kitupu? Na mimi hapa ni nani, kivuli?"

Kinyozi alijua kidogo tu. Baraza la jiji lilikuwa limetenga fedha za kutafuta viwanja vya biashara na viwanda. Fundi alizidi kuchanganyikiwa.

"Viwanja hupotea?" alimuuliza mkewe. "Si vimelala pale pale? Kwa nini watu walipwe kuvitafuta?"

"Kinyozi anasema watapewa matajiri."

"Kinyozi huyo huyo alisema nywele zangu zitaota tena."

Walicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Karakana ikiondoka, wangekula nini?

Jioni walikwenda kwa Shangazi Futi. Alikuwa mpimaji ardhi mstaafu, na jina hilo alipewa kwa sababu ya futikamba aliyotembea nayo.

"Mama, kabla ya kununua rangi, unafanya nini?" aliuliza.

"Natazama makopo yaliyobaki stoo."

"Basi jiji nalo linatazama stoo yake. Mtu akitaka kujenga kiwanda cha sabuni, atapelekwa wapi? Wakibahatisha, atapewa mahali pasipo na maji wala barabara, au penye mwenyewe. Fedha zile ni za kukagua kwanza: wapi patupu, wapi pana umeme, wapi lori linapita."

"Kwa hiyo hawatuondoi?" fundi aliuliza.

"Utafiti haumnyang'anyi mtu ardhi. Ila mipango ya kesho itaufuata, kwa hiyo kosa lisiachwe. Kuna mtu alikuja kuwauliza?"

Mke wa fundi aliziba mdomo kwa kiganja.

"Alikuja bwana mmoja mwenye koti la kung'aa. Baba watoto alikuwa kwa mteja. Alisimama nje ya ukuta, kwenye lango la nyuma, akauliza, 'Mama, hapa wazi?' Nikamjibu, 'Wazi kabisa, karibu!' Akashukuru, akaenda zake. Nikashangaa, mgeni gani huyu anakaribishwa ndipo anaondoka?"

Shangazi Futi alicheka hadi akafuta machozi. "Wewe ulisema lango. Yeye alisikia kiwanja."

"Mke wangu," fundi alisema, "ukarimu wako umetugawia hadi karakana!"

"Ramani hubandikwa kabla haijakamilika ili wananchi waisahihishe," alisema Shangazi. "Nendeni na leseni ya karakana. Ulizeni, msigombe."

Kesho yake walimkuta ukumbini yule bwana wa koti. Naye alichanganyikiwa.

"Lakini mama mwenyewe alisema pako wazi!"

Walipomweleza, alijishika kichwa. Hakubisha. Alifuatana nao hadi karakana, na safari hii aliingia ndani. Aliona meza, milango na mashine.

"Umeme unatosha?" aliuliza.

"Nikiwasha mashine, taa za mtaa mzima hufifia," fundi alijibu. "Kinyozi hunitukana."

Bwana aliandika hilo pia.

Ramani ilipokamilika, karakana ilikuwa na rangi ya mahali panapotumika. Uwanja mkavu wa jirani yake, uliojaa magugu, ndio uliobaki na njano. Na kwa kuwa mahitaji ya mtaa sasa yalijulikana, transfoma mpya ililetwa. Mashine ikawaka, na taa za kinyozi hazikufifia.

Baadaye bwana yule alirudi kuagiza lango la nyumba yake. Alisimama nje kama zamani.

"Hodi, mama! Hapa—"

"Lango liko wazi," mke wa fundi alimkatiza. "Kiwanja kina wenyewe. Ingia uone."