Poudre ya Siku ya Kutoka

Papa Constant hutengeneza baiskeli kando ya barabara, mtaa wa Kabondo. Ni mtu mwema, ila furaha yake haina breki. Siku binti yake Naomie alipoingia chuo, alimmwagia poudre, ule unga mweupe wa kupaka watoto, kichwani, kama wanavyomwagiwa waliopata diploma. Jirani yao Mama Florentine, karani mstaafu wa chuo kingine, alicheka mpaka akakaa chini.

"Papa Constant, poudre iko ya kutoka! Mutoto anaingia tu!"

"Akishaingia, si atatoka?"

Miaka mitatu ikapita. Asubuhi moja Naomie alirudi akilia. Mitihani amefaulu, kazi yake ya mwisho ameiandika. Lakini jina lake halimo katika orodha ya watakaoitetea mbele ya walimu wa jury.

"Secrétaire wa chuo anasema nilete kwanza chakula ya jury," alisema. "Bakuku, lituma ya ndizi ya kuponda, na vya kunywa. Kama hapana, mwaka kesho."

Papa Constant akaanza kumkimbiza kuku wake wa pekee, mzee, anayechechemea. Kuku akaruka juu ya paa. Papa akamfuata kwa ngazi.

"Shuka, Papa!" Mama Florentine aliita. "Hii sheria ya chakula iliandikwa fasi gani?"

"Sijue. Ni coutume, desturi tu."

"Bon. Mutoto anapimwa na kazi yake, hapimwe na kuku. Tuandike barua. Tuulize mambo mbili. Chakula iko mu règlement, mu sheria ya chuo? Na ba-étudiant wenye kuingia, bangapi banatoka? Nakala moja bapige cachet, muhuri yao, tubaki nayo."

"Juu ya nini kuuliza wenye kutoka?"

"Uliona ile banderole, kitambaa kirefu ya maandishi, ku mulango ya chuo? 'Tumepokea wanafunzi mia mbili!' Iko sawa na poudre yako. Banafurahia kuingia tu."

Papa Constant aliona haya. Alishuka polepole.

Walikwenda chuoni na barua, pamoja na wazazi wengine watano ambao watoto wao walikwama vilevile. Mkurugenzi wa chuo alisoma barua mara mbili.

"Mu règlement, chakula haiko," alikiri. "Wenye kutoka... hesabu yao sina hapa."

"Tutangojea," alisema Papa Constant, akavua viatu.

Harufu ya soksi zake ilisaidia. Daftari lilipatikana upesi. Kati ya mia mbili walioingia mwaka mmoja kabla ya Naomie, walikuwa wametoka sitini tu. Wengi wa waliobaki walikuwa watoto wa maskini.

Wiki iliyofuata banderole ilishushwa. Tangazo likabandikwa: chakula cha jury marufuku, na kila mwaka chuo kitaonyesha walioingia, waliotoka, na sababu ya waliokwama.

Naomie alitetea kazi yake, akafaulu. Papa alimmwagia poudre yeye, wenzake watano, Mama Florentine, hata suti nyeusi ya mkurugenzi aliyekuja kupongeza. Kuku hakualikwa, na alishukuru.

Jioni jirani mwingine, Mama Rosine, alikuja mbio.

"Papa Constant! Mutoto yangu bamemupokea ku chuo! Unipe poudre kidogo!"

Papa alificha kopo nyuma ya mgongo.

"Félicitations, mama. Poudre utakuja kukamata siku ya kutoka. Lakini barua ya kuuliza bangapi banatoka, tunaweza kuanza leo."