Komeo la Igombelo

Mlango wa ghala haukuvunjwa. Komeo lilikuwa limefungwa vizuri kabisa, kama lilivyoachwa jana yake. Lakini gunia moja la mbegu za karanga halikuwepo.

Inspekta Lukumani alichuchumaa mlangoni. Alikuwa ametoka Tabora alfajiri kwa Landrova iliyokohoa njia nzima, na mgongo ulimuuma. Ilikuwa Novemba 1975. Igombelo, kijiji cha Ujamaa jirani na Lusu, kilikuwa kinasubiri mvua, na mbegu za wote zilikuwa humo ghalani.

"Ufunguo uko mmoja?"

"Mmoja, Afande," alijibu Tobias, katibu wa kijiji, kijana nadhifu mwenye kalamu mbili mfukoni. "Anao Mama Katarina, mtunza ghala."

"Hakuna njia nyingine ya kulifungua?"

"Hakuna. Ingekuwepo ningeijua."

Katarina, mjane wa miaka hamsini na ushee, alisimama pembeni na ufunguo wake shingoni.

"Shikamoo, mama. Ulimpa mtu ufunguo huu?"

"Marahaba. Sijampa mtu. Nalala nao."

"Basi nani kafungua?"

"Ningejua ningekwambia, mwanangu. Ila naona utanichukua mimi."

Alimchukua. Sheria haikumwachia pa kupita, na Lukumani aliichukia kazi yake siku hiyo. Mwanamke aliyetunza ghala miaka sita bila kupoteza punje alipanda Landrova mbele ya wajukuu zake, akaomba tu wasiliache komeo bila kulichunguza. Inspekta alilibandua mlangoni, akalibeba kama kielelezo, na ghala likafungwa kwa kufuli la polisi.

Jioni ile, ofisini Tabora, aliliweka komeo chini ya kioo cha kukuzia. Ndani kabisa, mahali ambapo ncha ya ufunguo haifiki, aliona mikwaruzo miwili myembamba. Chuma kilikuwa bado kinang'aa. Ilikuwa mikwaruzo ya juzi juzi.

Asubuhi akaenda kwa fundi aliyelibuni komeo lile.

Raymundi alikuwa na karakana kando ya barabara ya Kipalapala. Komeo lake hakulifanya siri. Aliuchora mchoro, akauchapa, akampa kila aliyetaka. Chini yake aliandika: nakili, rekebisha, ukiona kasoro nijulishe. Vijiji ishirini viliunakili, na Raymundi alijivunia jambo hilo kupita watoto wake, na watoto walikuwa wanalijua.

"Fundi, komeo lako linafunguka bila ufunguo?"

Raymundi aliweka randa chini.

"Linafunguka. Kwa spoki ya baiskeli iliyopondwa ncha."

"Umejua lini?"

"Mwezi mmoja sasa. Yahaya, fundi baiskeli wa pale sokoni, alilichezea kibandani kwake likafunguka. Angeweza kujitapa soko zima. Alifunga kibanda akaja kuniambia mimi peke yangu."

"Ukafanyaje?"

"Siku ya kwanza nilimkasirikia. Siku ya pili tukakaa pamoja, tukapata kibati cha kuziba ule upenyo. Tukatengeneza ishirini. Kila kijiji nikakipelekea kibati na barua kwa jina la katibu: tatizo ni hili, funga kibati ndani ya siku saba, barua isisomwe mkutanoni kabla hujafunga."

"Kwa nini isisomwe?"

"Afande, unajua vijiji vyetu. Barua ya kijiji ni ya wote, Jumatatu inasomwa mbele ya watu. Ukiisoma mlango haujazibwa, umefundisha wezi."

Alifungua mtoto wa meza, akatoa vipande vya karatasi vilivyotiwa sahihi. Kila kijiji kilichofunga kibati kilirudisha kimoja. Lukumani alivihesabu. Kumi na tisa.

"Kipi hakijajibu?"

"Igombelo. Nilikuwa niende wiki hii." Raymundi alimtazama. "Kuna mtu ameumia?"

"Kuna mama yuko mahabusu."

Fundi alivua aproni, akaenda kupanda Landrova.

Huko Igombelo, baiskeli ya Tobias iliegemea ukuta wa ofisi. Magurudumu yalikuwa na kutu. Spoki moja tu, ya gurudumu la nyuma, ilikuwa mpya.

"Ndugu Katibu, ulipokea barua ya fundi huyu?"

"Barua zinakuja nyingi, Afande."

"Hii ilikuja na kibati."

Tobias aligusa kalamu zake mfukoni.

"Jana uliniambia hakuna njia nyingine."

"Barua yenyewe ilisema isisomwe."

"Ilisema isisomwe siku saba. Leo ya ishirini na moja. Kibati kiko wapi?"

Katibu alifungua kabati. Kibati kilikuwa bado kwenye karatasi yake.

"Na spoki ya zamani?"

Ilikuwa nyuma ya mafaili, ncha imepondwa bapa. Tobias aliiweka mezani mwenyewe, akakaa, akalia.

"Ni dada yangu Apolinaria," alisema. "Mwaka jana walihamishwa kwenda kijiji kipya. Ghala lao lilibaki nyuma. Mbegu aliyobeba kichwani watoto wameila. Nimeandika wilayani kuomba mara tatu, najibiwa nisubiri. Mvua inasubiri, Afande? Ilipokuja barua hii, niliisoma nikaona mlango uko wazi."

"Na Mama Katarina?"

"Nilidhani watasema kahesabu vibaya. Mlipomchukua nikataka kusema. Mdomo ukagoma. Tangu jana sijala."

"Yeye pia hajala," alisema Lukumani, akatoa pingu.

Katarina alirudishwa Igombelo Jumatatu, na Lukumani mwenyewe alimfungulia mlango wa gari. "Nisamehe, mama," alisema mbele ya watu. Gunia nalo lilikuwa limerudi, halijafunguliwa. Apolinaria alikuwa hajui lilikotoka.

Kesi ya Tobias ingesikilizwa mahakamani. Kijiji kilikuwa na lake la kujadili. Kibati kilipokwisha kufungwa kwenye komeo jipya la ghala, Raymundi alisimama mkutanoni akaisoma barua yote, neno kwa neno. Kisha akachukua komeo la zamani, alilolileta Inspekta, na spoki aliyoiponda ncha mwenyewe, akalifungua mbele yao. Watu waliguna. Si rahisi kuwaonyesha watu mia kasoro ya mkono wako.

"Aliyeiona ni Yahaya wa Tabora," alisema. "Jina lake litakuwa kwenye mchoro mpya. Na barua za namna hii sitampelekea tena mtu mmoja. Zitakuja kwa katibu na kwa mtunza ghala, kila mmoja yake."

Katarina aliomba kusema.

"Tobias angeniomba mbegu, ningemkatalia. Si zangu. Lakini ombi lake ningelileta hapa." Aliwageukia watu. "Nalileta sasa."

Walibishana mpaka jua likapinda. Mwishowe mikono ilinyooshwa: Apolinaria apewe nusu gunia, arudishe akivuna. Lukumani, ambaye hakuwa na kura, alijikuta ameinua mkono wake nusu, akaushusha haraka.

Watu walipotawanyika, Katarina aliingiza spoki kwenye komeo jipya. Alisukuma, akazungusha, akajaribu kutoka chini. Halikufunguka. Akaitundika ile spoki kwenye msumari kando ya mlango, mahali mtu yeyote anaifikia.

"Unaiacha hapo, mama?" aliuliza Inspekta.

"Naiacha. Anayetaka ajaribu mchana, nikimwona. Atakayeweza, aje aniambie mimi kwanza."