Maji ya Kusafishia Picha

Jua lilikuwa linazama Mwangangi alipotoka kwenda kutafuta maji. Si ya kunywa. Ya kuoshea picha. Na wewe usicheke, maana watu wa Mwingi walishamcheka vya kutosha.

Ulikuwa mwaka wa themanini na nne, ile njaa tuliyoiita nikw'a ngwete, yaani nakufa na nazo mkononi. Pesa unayo, chakula cha kununua hakuna. Punda walikuwa wanaanguka njiani na mitungi ya maji mgongoni. Halafu bwana huyu anabeba jerikeni mbili nzima, anaenda kuogesha karatasi! "Huo ni wazimu wa Nairobi," watu walisema, na hawakusema kwa sauti ya chini.

Lakini hiyo ndiyo kazi aliyorudi nayo nyumbani. Alikuwa amezunguka Nairobi miaka mingi na kamera shingoni, akipiga picha za barabarani: wabeba mizigo, akina mama wa machungwa, vijana waliosimama milangoni bila kazi. Aliporudi Mwingi alikuja na sanduku la filamu, akawa anazitoa picha hizo kubwa kubwa, nyeusi na nyeupe, juu ya karatasi nzito ya kudumu. Kila picha alitoa nakala chache tu, akazitia sahihi nyuma, basi, haitolewi tena. Watu wa magari ya misaada walizinunua. Maofisa wa Nairobi waliagiza. Abukar, mwenye hoteli pale barabara ya Garissa, alitundika tatu ukutani. Watu wa soko ndio waligoma kabisa.

"Sasa hapa ndani mimi namjua nani?" walimwuliza. "Nitundike mtu nisiyemjua, awe ananichungulia nikilala?"

Nyumbani alikuwa na Kaluki, mke wake, mwenye mimba ya miezi minane. Mbili za kwanza zilikuwa zimetoka. Hii ya tatu waliibeba wote wawili kama yai, na Mwangangi alikuwa hata hataki Kaluki akohoe kwa nguvu. Aliiogopa sana siku ambayo angerudi nyumbani akute mlango umejaa wanawake walionyamaza, kama mara zile mbili za kwanza.

Jioni hiyo alipofika na jerikeni zake, alikuta mama mmoja mzee ameketi kwenye ngazi ya studio, chini ya kile kibao chake: TUNASAFISHA NA KUKUZA PICHA.

"Wewe ndiye unasafisha?" mama akauliza.

"Ni mimi, mwaitu, mama yetu. Karibu."

"Naitwa Ndinda. Nimetoka Nuu. Kwa Abukar kuna picha ya kijana amesimama mlangoni, kando ya duka la viatu. Yule ni mwanangu, Mulei. Nataka umsafishe."

Mwangangi akafurahi kama mtoto. Kumbe yuko mtu anayemjua mtu ndani ya picha zake!

"Nitamsafisha vizuri sana, mwaitu."

"Utaweza? Wengi wameshindwa."

"Hao hawana dawa za maana. Zangu natoa Nairobi. Dawa ya kwanza inamtoa, unamwona anakuja pole pole. Ya pili inamkamata, asipotee. Halafu maji mengi, mpaka kila kitu kitoke."

"Unafanyia wapi?"

"Gizani. Taa nyekundu tu, na sitaki mtu aingie."

Mama Ndinda akaitikia kwa kichwa. "Nani alikufundisha?"

"Mhindi mmoja, kule River Road."

"Ai. Hao wanajua." Akainuka, akajikung'uta vumbi, akasogea karibu. Sauti yake ikashuka. "Na kile cha begani kwake... ukitoe chote. Usibakishe."

"Kile cheusi? Hilo ni doa la filamu tu, mwaitu."

Mama akajifunga leso yake vizuri.

"Haya," akasema. "Wewe liite doa. Kesho jioni utanikuta kwa Abukar."

Kesho yake Mwangangi akajifungia gizani. Taa zake ziliendeshwa na betri ya lori, kwa hivyo alifanya kazi haraka. Akaimulika filamu juu ya karatasi, akaitumbukiza karatasi kwenye dawa ya kwanza, na barabara ikaanza kujitokeza: duka la viatu, mlango, halafu Mulei mwenyewe, shati limefungwa mpaka juu. Na pale begani, lile doa jeusi, refu, limemlalia kama mkono wa mtu aliye nyuma yake. Mwangangi alikuwa amepigana na doa hilo miaka. Halikuwahi kufutika.

Dawa ya pili. Kisha beseni la maji. Maji ya kwanza, ya pili, ya tatu, kila mara akiyabadilisha, kwa sababu karatasi nzito inakunywa dawa, na usipoiosha vizuri itageuka rangi ya chai ukutani kwa mwenyewe.

Kwenye maji ya mwisho alisikia kitu.

Tk... tk... tk...

Akainama. Doa lilikuwa linabanduka. Wallahi vile, kama angekuwa Abukar anasimulia. Lilikuwa linaachia bega la Mulei ukingo mmoja, kisha ukingo mwingine, likateleza likazama mpaka chini ya beseni, likatulia. Halafu maji yakawa maangavu kuliko alivyoyamimina. Mwangangi akatia kidole. Baridi ilimpanda mpaka kwenye kiwiko.

Na harufu... Harufu ya mvua. Ile ya udongo mkavu ukipigwa na matone ya kwanza.

"Mwangangi!" Kaluki akaita huko nje. "Kwani imenyesha?"

Alifungua mlango. Mbingu ilikuwa tupu, nyeupe, hata wingu la kusingiziwa halikuwepo. Kaluki alisimama pale amefumba macho, anavuta hewa kwa pua. Tangu apate mimba alikuwa anatamani udongo, na mahali hapo hapakuwa pamenuka mvua kwa muda mrefu mno.

"Ni dawa mbaya tu," Mwangangi akasema, ingawa mwenyewe hakuamini. "Pengine karatasi imekaa sana."

Aliianika picha. Lile beseni akaliweka uani, kama alivyofanya siku zote. Maji ya mwisho hayakuwa na dawa ya kudhuru, na Kaluki ndiye aliyeyatumia: kufua, kupiga deki, kuosha miguu, hata kuoga siku ya joto kali.

Jua lilipoanza kushuka akaifunga picha ndani ya karatasi ya kaki, akaenda kwa Abukar.

Abukar alimpokea mlangoni, macho yamemtoka. "Ingia, ndugu yangu. Leo mtu wa picha yako amekuja kujitazama."

Mwangangi akaingia.

Chini ya picha, kando ya Mama Ndinda, aliketi Mulei. Ni yeye. Amekonda, mvi zimemwingia, lakini ni yeye. Alikuwa anakula wali kwa pupa, kijiko juu ya kijiko, na mama yake analia bila sauti.

"Miaka mitano," Mama Ndinda akasema. "Miaka mitano amelala kitandani kwangu, hasemi, hali mpaka nimlishe. Nilimleta jana kwa lori, nikamlaza hapo nyuma kwa Abukar. Leo mchana akaamka. Akasema, mama, nina njaa. Mungu akubariki, mtaalamu."

"Mtaalamu?" Mwangangi akacheka kidogo. "Mimi ni mpiga picha, mwaitu."

Mama hakucheka. Alifungua kaki, akaitazama picha, akapitisha kidole begani kwa mwanawe. Safi. Kisha akauliza, kama mtu anayekumbuka jambo dogo:

"Maji uliyamwaga wapi?"

"Maji?"

"Kitu kikisafishwa hakifi. Kinabaki majini. Yanamwagwa mbali, kwenye mchanga, jua liyanywe. Wewe si unajua?"

"Mwaitu..." Mwangangi akageukia mlango. "Mwingi hii, mwaka huu, nani anamwaga maji?"

Kijiko cha Mulei kikasimama hewani.

Hapo ndipo Mwangangi alipoinua macho ukutani. Picha ya Abukar, ile ya zamani, iliyokaa ndani ya kioo miaka miwili bila kuguswa na mtu. Duka la viatu. Mlango. Shati.

Bega lilikuwa safi.

"Nani anatumia hayo maji?" Mulei akauliza. Sauti yake ilikwaruza, ya mtu aliyesahau kuongea.

"Mke wangu. Ana mimba."

"Aiya," Mama Ndinda akanong'ona, akajishika kichwa.

Mulei akamshika Mwangangi mkono. "Nisikilize. Kitamwita. Kinaita jua likizama, tena kwa sauti ya mtu wako. Mimi kiliniita kwa sauti ya mama, hapo barabarani, Nairobi. Nikaitika. Uliponipiga hiyo picha nilikuwa nimeshaitika." Akameza. "Asiitikie. Kisipojibiwa kinaenda zake. Kimbia!"

Alikimbia. Alipita kwenye ng'ombe wa wafanyabiashara, akapita posho mill ya kusaga unga, watu wanamwuliza nini, hajibu. Anga lilikuwa limeanza kuwa kijivu. Alikuwa anasema na Mungu, vipande vipande tu: huyu usimchukue, huyu usimchukue.

Alipokaribia ua wake akasikia mtu anaita.

"Kaluki... Ee Kaluki..."

Akasimama.

Ilikuwa sauti yake. Yake kabisa, na ule mkwaruzo wa sigara alizoacha. Ilitoka nyuma ya nyumba, na mdomo wake mwenyewe ulikuwa umefungwa.

Akataka kupiga kelele: usiitike! Akajizuia kwa meno. Akiita na yeye, Kaluki atajuaje ni yupi? Atajibu. Kwa nini asijibu, akiitwa na mume wake? Basi akavua viatu, akapita uani kimya kimya. Beseni lilikuwa pale.

Tupu.

Ndani, Kaluki aliketi kitandani na leso mpya, nywele zimelowa. Chumba kizima kilinuka mvua. Mwangangi akamrukia, akamziba mdomo kwa kiganja. Kaluki akautoa mkono wake taratibu.

"Sikuitika," akanong'ona.

"Nini?"

"Nimekusikia unaita huko nyuma. Mara mbili. Lakini mama yangu alitukataza, jioni usimwitikie mtu usiyemwona. Nikanyamaza."

Mwangangi akaketi chini sakafuni, puu. Machozi yalimtoka, kicheko kikamtoka, vyote pamoja. Akamshukuru Mungu, akamshukuru na mama mkwe wake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Mke mzima. Mimba nzima. Kitaenda zake. Alikuwa anatafuta maneno ya kumweleza yote hayo alipoona kwamba Kaluki hacheki.

"Mimi sikuitika," Kaluki akasema tena. "Lakini kuna aliyeitika."

"Nani? Kuna mtu hapa ndani?"

Kaluki akauchukua mkono wake, akauweka juu ya tumbo. Chini ya ngozi mtoto alikuwa anajigeuza polepole, akaelekea upande wa dirisha la nyuma, akatulia.

"Kaluki..." ikaita sauti huko nje, kwa upole. "Ee Kaluki..."

Kaluki akaziba mdomo wake kwa mikono miwili. Mwangangi naye akaziba wake.

Na bado mtu akaitika.