Bei ya Datsun ya Kiema

Jumamosi moja jioni, mwaka 2001, Jeremiah Wathome alishuka katika soko la Muthetheni akiwa na betri ya gari ndani ya gunia, na sumaku ndogo mfukoni, imefungwa kwa kitambaa. Alikuwa amekuja kununua gari. Ungemwona ungedhani amekuja kuchukua mwili mochari, maana uso wake haukuwa na furaha wala haraka. Ndivyo alivyokuwa tangu mdogo wake, Mumo, alipofariki mwezi wa kwanza. Alikula. Alikwenda kazini kiwandani Athi River, akachomelea vyuma, akarudi. Siku ya mazishi hata chozi halikumtoka. Watu walimsifu, wakasema huyu ni mwanaume. Yeye alijua si uanaume. Ilikuwa ganzi, kama ya mguu uliokaliwa, ila mguu huu ulikataa kuamka.

Gari lenyewe lilikuwa la Mumo, kwa namna ya kusema. Walipokuwa watoto, Pasaka moja, magari ya Safari Rally yalipita, nao wakasimama kando ya barabara kumeza vumbi. Ikapita Datsun 240Z moja, boneti ndefu, mlio wake unaingia hadi kwenye meno. Mumo alikuwa na miaka saba. Alilia kwa furaha, na tangu siku hiyo hakutaka kusikia habari za gari jingine. Alipokufa walikuta akiba yake kwenye sacco, laki moja na nusu, na nyumba nzima ilijua ni ya nini.

"Nunua hiyo gari," mama yao, Ndinda, alimwambia Jeremiah. "Mtoto akizaliwa, aikute."

Mtoto ni yule aliyekuwa tumboni mwa Mueni, mke wa Jeremiah. Akiwa wa kiume angeitwa Mumo. Hapo hapakuwa na mjadala. Ukambani aliyeondoka hurudishwa nyumbani kwa jina, na Ndinda aliishi akiingoja siku hiyo tu. Jeremiah naye, chini ya ile ganzi, alikuwa na tumaini hilohilo moja: siku atakayoita "Mumo" na mtoto ageuke kumtazama, pengine atalia.

Kuhusu bei hakuwa mjinga. Alikuwa amemuuliza Bonface, fundi wa Nairobi anayezijua Datsun za zamani kuliko anavyowajua wakwe zake.

"Ganda tu, imeoza, haina injini, hiyo ni laki moja," Bonface alisema. "Inatembea? Laki tatu, nne. Na kama iko na logibuku safi na injini ile ilitoka nayo kiwandani, hapo muuzaji anakutajia bei akiangalia viatu zako. Sasa wewe unaniambia inatembea na ni laki mbili. Usifurahi, Jeremiah. Uliza ni nini inakosekana."

Boma la Mama Kalunde lilikuwa chini ya soko, mwisho wa njia, ng'ambo ya kijito kilichokauka. Jeremiah alimkuta bibi huyo kwenye banda la nyasi, mwembamba, amejifunga leso mbili, ananukia ugoro. Alikuwa ameinama kwenye mlango wa gari akitoa sahani juu ya kiti cha dereva.

Sahani ilikuwa tupu. Imelambwa ikang'aa.

"Wi museo, mwaitu?" Jeremiah alimsalimu kwa Kikamba, akimwita mama.

"Ni museo. Wewe ni wa nani?"

"Mimi ni wa Ndinda, kule Tala. Nimeambiwa unauza gari."

"Ni ya Kiema, kijana yangu," bibi alisema. "Ilikuwa raha yake. Siku moja alirudi jioni, akaegesha hapa, na hakutoka. Nilimletea chakula nikadhani amelala. Injini ilikuwa inanguruma bado."

"Pole sana, mwaitu. Ni lini hiyo?"

"Miaka kumi na tatu sasa. Lakini mimi nimezeeka. Kupika kila siku ni kazi."

Jeremiah hakuuliza anapikia nani. Kuna maswali ambayo mtu mwenye moyo ulio macho huyauliza papo hapo, na mtu mwenye ganzi huyaacha yapite. Yeye alitoa sumaku.

Alianzia kwenye vizingiti vya milango, mahali Datsun hizi huoza kwanza na wajanja huziba kutu kwa fila, ambayo sumaku haiishiki. Sumaku ilinasa. Akaenda kwenye mabawa juu ya magurudumu, ikanasa. Akalala chali, akachungulia sakafu, chuma kizima. Chini ya kibao cha betri, ambapo asidi hula kila gari la umri ule, rangi ilikuwa kama ya jana. Akalinganisha namba ya chesisi na ya injini na zile za kwenye logibuku. Zote ndizo.

Halafu akaweka kiganja kwenye boneti.

Ilikuwa na joto.

"Mwaitu, nani huendesha hii gari?"

"Hakuna. Kiema hukaa tu."

Alifunga betri, akamimina petroli aliyonunua sokoni, akageuza ufunguo. Gari lililolala miaka kumi na tatu halitakiwi kuwaka hivyo. Lilipaswa kukohoa, kukataa, kutema moshi. Liliwaka mara moja, mitungi yote sita, sauti laini kabisa... Ndani kulinuka sigara. Si sigara ya zamani, bali ya sasa hivi.

Basi wakaingia kwenye bei. Na hapa ndipo Jeremiah alipofanya kosa, na tusimcheke, kwa sababu hakuna mmoja wetu asiyelifanya kila siku ya soko. Hakuna Mkenya anayetajiwa bei akailipa bila kulia kidogo. Mwingine hutaja watoto wake, mwingine ugonjwa, mwingine ukame. Tunamshika muuzaji kwa huruma hata kama hela tunazo. Jeremiah kwa kweli hazikumtosha.

"Niko na laki moja na nusu, mwaitu. Nipunguzie."

"Laki mbili."

"Hizi pesa si zangu. Ni za ndugu yangu, na amekufa. Gari ni yeye aliipenda, si mimi. Nipunguzie kwa ajili yake."

Bibi aliacha kutafuna ugoro. Alimtazama sawasawa kwa mara ya kwanza.

"Kwa ajili yake?"

"Ndiyo."

"Anaitwa nani?"

"Mumo."

"Kwa hivyo mimi nikitoa hiyo nusu, Mumo ndiye anamalizia."

"Eeh, mwaitu," Jeremiah alijibu, kama mtu anavyomjibu bibi yeyote ili biashara iishe. "Mumo atamalizia."

"Useme vizuri. Amezikwa kwenu, ni wenu. Umemtoa?"

Kwa mbali, ndani kabisa, kitu kilimshtua. Kilikuwa kidogo sana. Jua lilikuwa linazama, na safari ya kurudi Tala ilikuwa ndefu. "Nimemtoa," akasema.

Mama Kalunde alinyoosha mkono, wakashikana. Kiganja chake kilikuwa kikavu na baridi. Akamuuliza Mumo anapenda chakula gani.

"Muthokoi," Jeremiah alimjibu. "Na mbaazi nyingi."

"Huyo hatanisumbua," bibi alisema. "Kiema alikuwa anataka nyama." Jeremiah alipokwisha kulipa na kuketi nyuma ya usukani, bibi aliinamia dirisha la dereva na kunong'ona, si kwa Jeremiah bali kwa kiti kilicho kando yake. "Enda na watu wako."

Akiwa anatoka getini, alisikia mluzi ndani ya nyumba ya bibi. Nyumba ambayo hakuna mtu aliyekuwa ameingia.

Mluzi ulipanda, ukakatika katikati, ukaanza upya. Mumo alikuwa akipiga vile kila asubuhi akinyoa ndevu, na hakuwahi kuumaliza hata siku moja.

Jeremiah alikanyaga breki. Akasikiliza. Alijua anapaswa kushuka, apige mbio, avunje mlango ule kwa bega. Alijua kama unavyojua jibu la hesabu. Miguu haikutaka, wala moyo haukuihimiza. Akaachilia breki, akaenda.

Njia nzima dirisha la abiria lilikuwa likishuka lenyewe. Alilipandisha, likashuka. Akalipandisha tena, na safari hii akasikia pumzi... ya mtu aliyechoka kuambiwa jambo moja. Akaliacha wazi. Kiti cha abiria kilikuwa kimebonyea katikati. Aliendesha macho yakiwa mbele, mikono yote miwili kwenye usukani.

Nyumbani Tala, Ndinda alitoka na taa ya chemli. Alimulika boneti, akamulika mwanawe, kisha akamulika upande wa pili. Uso wake ukakunjuka kwa furaha.

"Karibuni," alisema. "Mmechelewa. Ingieni mle."

Mueni alijifungua mwezi uliofuata, mtoto wa kiume, mzito, mwenye sauti. Siku ya nne ndiyo ya kupewa jina. Kabla ya hapo, wazee wa Ukambani husema, mtoto bado ni wa aimu, wale wa upande wa pili, na wanaweza kumdai. Ndinda alivaa kitenge chake cha kanisani, akampokea mtoto kwa mikono miwili. Jeremiah alisogea karibu. Alikuwa amengoja neno hilo miezi mingi.

"Kiema," Ndinda alisema. "Umefika, Kiema."

Mueni alicheka kidogo. "Mama, si tulisema Mumo?"

"Mumo wa nani?"

Hakuuliza kwa hasira wala kwa utani. Aliuliza kama unavyouliza jina la mtu usiyemjua, njiani. Mueni alifungua mdomo amjibu, akaufunga, akakunja uso kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. "Sijui nimetoa wapi," akasema. "Kiema ni jina nzuri."

Jeremiah alitoka nje. Kaburi lilikuwepo pale nyuma ya jiko, saruji yake bado mpya. Mama yake alikuwa ameanika maharagwe juu yake. Alisimama akiyatazama maharagwe, akitafuta uchungu ndani yake jinsi unavyopapasa ukuta gizani kutafuta swichi. Hakupata ukuta wala swichi. Lakini jina alikuwa bado nalo, yeye peke yake, na akili yake ikamwambia hilo linatosha. Angelirudisha gari. Pesa bibi abaki nazo. Angesema amekosea, amchukue mdogo wake, amlete nyumbani kabla jina hilo lingine halijamkaa mtoto.

Aliendesha mchana huohuo, akilitamka jina kwa sauti ili lisimponyoke. Alilitamka akipita mashamba ya mahindi, alilitamka alipofika Mwala. Kiti cha kando kilikuwa kimya, kikimsikiliza. Alipoikata kona ya Muthetheni midomo yake ilikuwa bado ikienda, na hakugeuka kukiangalia kile kiti.

Mama Kalunde alikuwa ameketi mlangoni akichambua mbaazi. Alikuwa amenawiri. Ndani, nyuma ya pazia, kijiko kiligonga sahani, na mtu akacheka peke yake, kicheko kile kile cha puani cha mtu ambaye Jeremiah alilala naye kitanda kimoja utotoni miaka kumi na miwili.

"Mwaitu, nimeleta gari. Nirudishie mtu wangu."

"Anakula," bibi alisema.

"Nilikosea. Sikujua nasema nini."

"Ulijua. Hukusikia uchungu tu, ukadhani ni bure." Hakusema kwa ubaya. Alisogeza uteo pembeni, akampisha mlangoni. "Lakini mimi si mwizi. Mwite. Akiitika, mchukue, muende nyumbani."

Ndani, kijiko kilisimama.

Ilikuwa kama mtu ameinua kichwa, akingoja kuitwa. Pazia lilicheza kidogo. Chini yake zilionekana nyayo mbili, na Jeremiah alizijua, kidole kimoja kimepinda kwa kuangukiwa na jembe. Hatua nne tu. Alivuta pumzi, akafungua mdomo.

Hapakuwa na kitu.

Alitafuta. Alikuwa nalo Mwala. Alijua lilikuwa fupi, alijua lilianza na midomo kufungwa, akafunga midomo, akaifungua, akaifunga tena... Nyuma ya pazia zile nyayo zilisogea mbele nusu hatua, zikiomba. Jeremiah akakusanya nguvu zote alizokuwa nazo na kulitoa jina pekee lililokuwa kinywani mwake.

"Kiema!"

Nyayo zikarudi nyuma. Taratibu, moja, kisha nyingine.

Na nyuma yake, ndani ya Datsun, mtu akaitika.

Kisha ikaja honi, mara mbili, ya mtu anayetaka kurudi nyumbani. Mama Kalunde alikuwa amekwisha kuuvuta uteo wake na kuendelea na mbaazi. Jeremiah alisimama kidogo, akingoja kuogopa. Alipoona hauji hata woga, alikwenda, akafungua mlango, akaingia, na kumwambia yule aliyekaa kando yake asogeze mguu apate kuingiza gia.