Uzi wa Duka la Tano

Jumanne, tarehe 9 Julai 2024, saa saba na robo mchana, Bi Tatu wa Kilole, Korogwe, alisema uongo mmoja katika duka la nyuzi Kariakoo, na tangu saa hiyo nyumba yake haikuwa yake tena.

Alikuwa ametoka Korogwe alfajiri, mkobani amekunja sweta la mtoto lililoishia kifuani. Alilianza Munira, binti yake wa pekee, ili mwanawe Maryamu asipigwe na baridi watakapompeleka Bungu, milimani, kwa wazazi wa baba yake. Mwezi wa tatu Munira aliugua homa siku tatu tu, akafariki, na sindano zikabaki zimechomekwa kwenye sweta. Uzi wake ulikuwa wa kijani chenye ukijivu, rangi ya jani la mkonge, na Korogwe nzima haukupatikana.

Duka la kwanza walitikisa kichwa. La pili kijana alimtania, "Mama, chukua pinki. Mtoto hajui rangi."

"Mtoto hajui, mama yake anajua," Tatu alijibu, akatoka.

La tatu na la nne uzi ulikaribiana, lakini ukiutoa juani unaona si wenyewe.

La tano lilikuwa nyuma ya ghorofa, mwisho wa ujia uliojaa mabunda ya vitenge. Mwanamke aliyekaa humo alilipokea sweta. Hakulitazama. Alilinusa.

"Huyu anafuma kwa mkono wa kushoto," alisema.

"Ndiyo. Umejuaje?"

"Mwenyewe yuko wapi?"

Ukweli ulikuwa mfupi, lakini Tatu hakuutoa.

"Yupo nyumbani. Ananisubiri."

"Basi siku moja nitakuja kumsalimu."

"Karibu," alisema Tatu, kama anavyosema mtu yeyote aliyelelewa. "Karibu sana Kilole."

Yule mwanamke akamtia vidonge viwili vya uzi kiganjani. Vilikuwa na unyevu, kama nywele zilizooshwa sasa hivi.

"Safari njema, Mama Munira."

Basi lilikuwa limeshaipita Chalinze ndipo Tatu alipokumbuka kwamba hakumtajia mtu jina la mwanawe.

Kesho yake baada ya adhuhuri alisikia sindano. Tik, tik, tik, kutoka chumba cha Munira. Alisukuma mlango. Hapakuwa na mtu. Sweta lilikuwa juu ya kigoda, limeongezeka vidole vinne, kwa mkazo uleule wa mkono wa kushoto, na chumba kilinuka karafuu maiti, kama siku ile walipomwosha.

Mtu mwingine angekimbia. Tatu alirudishia mlango taratibu, akaketi sakafuni nje yake, akalia kwa furaha.

Kila mchana akawa anakaa pale. Siku ya tatu sauti ilianza kuimba wimbo wa kubembeleza. Raheli, jirani yake Mshambaa aliyemletea maziwa ya mtoto, alisimama uani, chupa mkononi.

"Mama Munira, nani huyo ndani?"

"Redio."

"Redio gani inayomjua Maryamu kwa jina?"

"Sema polepole, Raheli. Utamfukuza."

Raheli aliweka chupa chini, akaondoka bila kuaga.

Lakini kadiri sweta lilivyorefuka, ndivyo Maryamu alivyosinyaa. Kwanza aliacha uji, kisha akaacha chupa, kisha akaacha hata kulia, akawa analala macho wazi akiutazama mlango ule, mwili wake baridi kama mtungi, na Tatu, aliyekuwa anajua na hataki kujua, aliendelea kumfunika khanga juu ya khanga, mpaka mchana wa siku ya sita, alipoingia na kulinyanyua sweta akaona kwamba halina tundu la shingo, halina tundu la mikono, limefungwa juu na limefungwa pembeni, limeachwa wazi chini tu, mahali pa kumwingizia mtoto, na kabla hajalirudisha juu ya kigoda sauti ikasema karibu kabisa na sikio lake, sauti yenyewe, isiyo na kasoro, "Mama, niletee Maryamu nimpime."

Na alikwenda kumleta. Hilo ndilo analomwomba Mungu msamaha hadi leo.

Raheli alimkuta mlangoni mwa chumba, akamvuta khanga.

"Unampeleka wapi mtoto?"

"Kwa mama yake."

Raheli alimpiga kofi. "Mama yake tumemzika, Tatu! Mimi na wewe!" Akamnyang'anya mtoto, akapiga simu Mazingara, Handeni, kwa Maalim Awadhi, mjomba wake Tatu.

Mzee alifika kwa pikipiki baada ya alasiri, kanzu imejaa vumbi la Handeni. Alisikiliza yote hadi mwisho.

"Ulimkaribisha?"

"Nilimkaribisha, mjomba."

"Na ukamwambia mwenye chumba yupo."

"Ndiyo."

"Basi amekaa mahali pa mtu. Nitasoma, lakini kisomo changu kitamtikisa tu. Chumba umempa wewe." Akavua viatu. "Tangu tumzike, umemwombea?"

Tatu alitikisa kichwa. "Nikimwombea dua ya maiti, mjomba, si nitakuwa nimekubali?"

"Ndiyo, mwanangu," alisema mzee.

Alipoanza kusoma Ayatul Kursiy, sindano zilienda mbio nyuma ya mlango, kisha sauti ikalia.

"Mama, wananifukuza nyumbani kwetu. Nimekosa nini? Ukiomba dua hiyo sitarudi tena. Hutanisikia tena mpaka ufe."

"Tatu," Raheli alinong'ona, sikio lake kifuani kwa mtoto, "pumzi yake inakatika-katika."

Midomo ya Maryamu ilikuwa rangi ya jivu. Tatu alimtazama. Akautazama mlango.

"Mama," sauti iliita, kwa namna Munira alivyoita siku ya kwanza alipoachwa shuleni.

Tatu alipiga magoti, akainua viganja.

"Ee Mwenyezi Mungu, mghufirie Munira binti Hiza, ambaye amekufa."

Sindano zilianguka sakafuni, moja, kisha ya pili. Harufu ikakatika. Mikononi mwa Raheli mtoto alipiga chafya, akaanza kulia kwa njaa, kwa nguvu, kama watoto wote. Chumbani hapakuwa na sauti yoyote, na Tatu alijua kwamba huo ukimya ndio aliobakiziwa. Lakini dua ilikwisha kuanzwa.

"Mrehemu, Mola wangu. Msamehe aliyoyajua na asiyoyajua. Mpanulie kaburi lake, umtilie nuru ndani yake. Na umpe nyumba iliyo bora kuliko nyumba hii. Amina."